Uliza Kwanza Ilibeba Nini

Mjukuu wangu, kwa kuwa sasa umepangiwa hanga la ndege za mizigo, nina neno moja la kukuusia, nalo hulikuti kwenye vitabu ulivyosomeshwa chuoni. Kabla hujashika spana, kabla hata hujapanda ngazi, uliza ndege ilibeba nini jana. Ukishajibiwa, uliza na juzi.

Wenzako waliopelekwa kwenye ndege za kivita wana mashine ambayo kazi yake inajulikana. Yako haina siku mbili zinazofanana. Leo ni askari na mabegi yao, kesho ni mahindi ya njaa, keshokutwa mapipa ya mafuta, na siku moja itakuwa jeneza la mwenzenu anayerudishwa kwao. Kila mzigo ukishuka huacha kitu nyuma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijaona mahali ambapo msemo huo unafaa kuliko chini ya sakafu ya ndege ya mizigo ya Buffalo.

Mwili wa ndege ni aluminiamu. Haupati kutu nyekundu inayokuita kwa mbali. Rangi huvimba kidogo, kama malengelenge, na ukiikwangua unakuta unga mweupe ambapo palikuwa na bati. Mkojo wa mbuzi hufanya hivyo. Asidi ya betri iliyolazwa ubavu hufanya hivyo. Maji ya samaki na chumvi, vilevile. Zebaki ndiyo mbaya kupita yote: tone dogo likikuta mkwaruzo hula aluminiamu hadi ndani, na huwezi kulifuta kwa tambara ukaondoka. Vitu hivi vyote hufuata mteremko na kutuama sehemu ya chini kabisa, palipojificha mbavu za ndege na ribiti zake. Rubani hapaoni, na abiria hajui kama pako. Wewe ndiwe utakayelala kifudifudi na tochi, na kama huambiwi ulikuwa mzigo gani, utamulika pasipo na kitu.

Somo hili lilikuwapo kabla yangu. Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi, na Wamarekani na Waingereza wakaamua kuulisha mji wa watu zaidi ya milioni 2 kwa ndege. Kazi iliendelea hadi Septemba 1949, na tani zilizopelekwa zilizidi milioni 2. Watu hudhani zilikuwa unga na maziwa. Sehemu kubwa ilikuwa makaa ya mawe! Wakongwe wa kazi ile walilia na vumbi lake kuliko walivyolia na ukungu. Lilipita kwenye magunia, likaingia kwenye nyaya za umeme, kwenye kamba za chuma zinazovuta usukani, kwenye saa za chumba cha rubani. Kila baada ya saa 200 za kuruka, ndege za Kimarekani zilipelekwa kufanyiwa ukaguzi, kwanza Oberpfaffenhofen huko Bavaria, baadaye Burtonwood huko Uingereza.

Na chumvi je? Mji hauishi bila chumvi, nayo ingezila ndege za kawaida. Waingereza wakafikiri kama mafundi. Walikuwa na ndege za majini ziitwazo Sunderland, zilizozaliwa kuvumilia maji ya bahari, na kamba zake za usukani zilipita juu ya paa badala ya chini ya sakafu. Zikaruka kutoka mto Elbe karibu na Hamburg, zikatua kwenye maji ya Havel ndani ya Berlin, zimejaa chumvi. Barafu ilipokaribia mwezi wa Desemba na Sunderland zikakosa pa kutua, chumvi ikawekwa kwenye makasha yaliyoning'inizwa nje, chini ya tumbo la ndege nyingine. Mzigo ndio uliochagua ndege. Nataka uitafakari habari hiyo kila unapoona mtu akijaza ndege kwa kuangalia uzito peke yake.

Liko jambo jingine la Berlin ambalo hunigusa sana. Jenerali William Tunner, aliyeongoza kazi ile, alipopungukiwa mafundi aliomba kuajiri Wajerumani, watu ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wakizihudumia ndege za adui. Vitabu vya ufundi vikatafsiriwa kwa lugha yao, wakafanya kazi bega kwa bega. Mtu mwenye ujuzi asidharauliwe kwa alikotoka.

Usidhani hayo yako mbali nasi. Ndege kuu za Wamarekani kule Berlin, Skymaster, zilitumia injini ya R-2000 yenye silinda 14, na ndege ya mizigo ya Caribou, tuliyoanza nayo kikosini Eastleigh, Nairobi, ilikuwa na injini ya ukoo huohuo. Asubuhi tulizungusha pangaboi kwa mkono kabla ya kuwasha, maana usiku mafuta hushuka yakajaa kwenye silinda za chini, na ukiwasha kwa pupa unapinda chuma. Kisha ikaja Buffalo, yenye injini za tabo, nguvu nyingi, na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini. Ilitua kwenye viwanja vifupi vya kokoto, na kokoto zilirudi nayo: tulikuta makovu kwenye mapangaboi na tumboni. Nafaka ilitusumbua zaidi. Waliofanya kazi Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, chakula cha Sudan Kusini kilipokuwa kikidondoshwa kutoka angani, watakwambia hivyohivyo. Punje zinazomwagika hupenya nyufani, zikilowa zinachacha, kisha panya huzifuata, na panya akimaliza mtama hutafuna waya.

Basi jenga urafiki na msimamizi wa mizigo. Yeye ndiye aliyeona gunia lililopasuka na pipa lililovuja, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Usimpime kwa cheo. Akisema harufu imebadilika huko nyuma, inua mbao za sakafu siku hiyohiyo, hata kama mkubwa wako anaitaka ndege irudi angani jioni. Usitie saini sehemu ambayo hukuiona kwa macho yako. Wakikukasirikia, waache wakukasirikie.

Nimezungumza na wazee wawili wa kikosi chetu, wako tayari kukaa nawe Jumamosi. Nenda na daftari. Mmoja masikio yamechoka kwa kelele za injini, kwa hiyo kaa upande wake wa kulia na upaze sauti, wala usimharakishe. Anza na Caribou, kwa kuwa waliobaki wanaoijua ni wachache, halafu ndipo mje kwenye Buffalo.