VITI VITUPU
Somo: Mathayo 5:23–24



Bwana wetu aagiza kwamba mtu aliyefika madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende akapatane naye kwanza. Tuangalie vizuri: mwenye kinyongo si huyu mwenye sadaka, ni yule aliyebaki nyumbani. Huyu angeweza kusema, "Kama ana neno, na aje yeye." Nasi ndivyo tusemavyo.

Tutoe mfano kutoka Visiwani. Mwaka 1995, baada ya uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa Zanzibar, Bwana Pandu Ameir Kificho alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Katika majimbo 50, CCM ilipata viti 26 na CUF 24. CUF hawakuyakubali matokeo ya urais, na wawakilishi wao wakasusia vikao. Basi tumfikirie Spika huyo. Kazi yake ni kuwapa watu nafasi ya kusema, na karibu nusu ya wenye haki ya kusema hawamo. Hoja zatolewa, miswada yapita, wala hakuna kelele. Mgeni angesema baraza hili lina amani!

Kosa lilikuwa la nani, si kazi ya gazeti la kanisa kuamua. Mwafaka wa 1999, uliosaidiwa na Jumuiya ya Madola, haukushika. Januari 2001 watu waliuawa, hasa Pemba. Oktoba mwaka ule pakawa na mwafaka mwingine. Hata Januari 2010 ndipo Baraza, chini ya Spika yule yule, lilipokubaliana juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na tarehe 31 Julai asilimia 66 ya waliopiga kura wakaikubali. Miaka kumi na mitano! Tena haikuwa mwisho: uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF wakasusia ule wa marudio Machi 2016, na Spika mpya, Bwana Zubeir Ali Maulid, akaanza kazi bila wao.

Sasa turudi hapa mlimani. Tangu ugomvi wa fedha za mavuno, kamati yetu ya kanisa hukutana vizuri sana. Akidi hutimia. Tunamaliza mapema, twanywa chai. Na katika muhtasari, mara nne sasa, tumeandika majina ya wenzetu watatu chini ya maneno haya: "Wasiohudhuria bila udhuru."

Ndugu, udhuru wao twaujua. Fedha zile tuliziamulia siku ambayo wao walikuwa Mang'ola kwenye vitunguu, na tulijua kuwa wako huko. Walipouliza, tuliwajibu kwamba jambo limekwisha kupitishwa. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na liliwafukuza.

Kwa hiyo mkutano wa kamati wa Jumapili ijayo umeahirishwa. Badala yake, Jumamosi saa tisa, sisi wanakamati tutakutana kanisani, twende nyumba hizo tatu kwa zamu, na daftari la mapato tutalichukua. Hatutakwenda kueleza, tutakwenda kusikiliza. Mwenye pikipiki aje nayo, maana nyumba ya tatu iko mbali.