Ushahidi juu ya Mtihani Ambao Haujafanywa

Zinapoanza mvua za mwezi wa Novemba, na vumbi jekundu la barabara iendayo Kasapa, hapa Lubumbashi, likageuka tope, huonekana katika vibanda vya fotokopi na intaneti vilivyo jirani na chuo kikuu vijana ambao si wanafunzi wa chuo hicho, bali ni watoto wa mwaka wa sita wa sekondari, wale tunaowaita wafinalisti, wamevaa shati jeupe na nguo ya buluu ya shule, nao wamekuja kutoa nakala za buletini zao ili wazipeleke Ufaransa, Ubelgiji, Kanada au Uingereza. Buletini ya kwetu ni karatasi pana yenye safu nyingi: vipindi viwili na mtihani kwa nusu ya kwanza ya mwaka, vipindi viwili na mtihani kwa nusu ya pili, jumla, asilimia, tabia, na chini kabisa mhuri wa shule na saini ya prefe, yaani mkuu wa shule. Alama ya somo lililomshinda mtoto huandikwa kwa wino mwekundu, na mashine ya fotokopi ya kibandani, ambayo haijui rangi, huufanya wekundu ule kuwa mweusi kama mwingine wote.

Hapo kadhia yangu ya leo ndipo inapoanzia. Mtihani wa Dola wa kumaliza sekondari, ambao sote twauita Exetat, wakati huo haujafanywa. Insha ya Kifaransa itaandikwa miezi mingi baadaye, karatasi za kikao cha kawaida zitafuata, masahihisho yatafanywa Kinshasa, na matokeo yatawafikia watoto katika simu zao mnamo Julai au baada yake, ndipo waliofaulu watakapomwagiana poda nyeupe vichwani na kupita mitaani wakiimba. Lakini vyuo vya ng'ambo havingoji poda hiyo. Oxford na Cambridge hufunga milango ya maombi tarehe 15 Oktoba. Kijana atakaye kuanza mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Ufaransa, katika miaka hii yetu, hana budi kuwa amemaliza kuomba kufikia tarehe 15 Desemba. Na Ubelgiji ya wasemao Kifaransa, ambako cheti cha kigeni lazima kipewe kwanza tamko la kulingana na cha kwao, hupokea maombi ya tamko hilo hadi tarehe 15 Julai. Almuradi kijana huombewa nafasi kwa natija ambayo bado imo katika ghaibu, na pengo lililopo baina ya ombi na natija hujazwa na neno la mwalimu.

Neno hilo huja kwa sura mbalimbali. Wazazi wa Lubumbashi wanaowavusha watoto wao mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma kwa Kiingereza Ndola au Kitwe, Zambia, katika shule zinazofuata mitihani ya Cambridge, hulijua kama alama ya kukadiriwa, ambayo mwalimu huiandika baada ya kuona mtihani wa utimilifu, kama Watanzania wauitavyo mtihani ule wa majaribio. Wenye watoto katika lisee ya Kifaransa ya hapa mjini hulijua kama alama za muhula na za bakalorea ya majaribio. Na sisi wengine, ambao ndio wengi, hatuna ila buletini ya mwaka wa nne, ya tano, na nusu ya sita. Sura ni nyingi, ila jambo ni moja: mtu mzima, aliyekaa na mtoto darasani, anatoa ushahidi juu ya jambo ambalo halijatukia.

Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa sana jinsi ushahidi wa namna hii ulivyo mzito, maana biashara yetu kubwa husimama juu yake. Mchimbaji wa mkono afikapo na magunia yake katika soko la Musompo, karibu na Kolwezi, hauzi shaba wala kobalti. Huuza udongo ambao mashine ndogo ya Metorex, ikiwa mikononi mwa mnunuzi, imesema una asilimia kadhaa ya madini. Wala haijapita siku ambayo mchimbaji hakulalamika kwamba mashine ile imefundishwa kusema chini ya haki. Hana ubishi na hesabu yenyewe. Ubishi wake ni juu ya insafu ya mkono ulioishika.

Na mikono hukosea hata pale ambapo hapana khiyana. Mtafiti mmoja wa Uingereza, Gill Wyness, alionyesha mwaka 2016 kwamba katika waombaji wa vyuo vikuu vya nchi ile ni asilimia 16 tu ambao alama zao za mwisho zililingana na zile walizokadiriwa, na kwamba asilimia 75 walikuwa wamekadiriwa juu kuliko walivyopata. Mwalimu humpenda mwanafunzi wake, na upendo huelekea kuzidisha. Lakini katika uchunguzi uo huo limo jambo linalonihuzunisha zaidi: miongoni mwa watoto wenye akili nyingi kabisa, wale wa nyumba za ufukara walikuwa karibu zaidi na hatari ya kukadiriwa chini kuliko wenzao wa nyumba za neema. Yaani upendo ule uzidishao haukuwafikia wote kwa kadiri moja, na aliyepungukiwa ni yule ambaye hakuwa na wa kumsemea.

Kisha ukaja mwaka 2020, na maradhi ya Korona yakaifuta mitihani ya Waingereza, hata ushahidi wa mwalimu ukabaki peke yake. Idara isimamiayo mitihani ya Uingereza, Ofqual, ilichelea kwamba walimu wamekuwa wakarimu mno, ikayapitisha makadirio yao katika kanuni ya hesabu ambayo, pamoja na mambo mengine, ilitazama jinsi shule ya mtoto ilivyofaulu miaka iliyotangulia. Na alama zilipotangazwa tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yalikuwa yameshushwa. Mtoto hodari katika shule isiyo na jina alivutwa chini na taksiri za waliomtangulia, watu asiowajua wala kuwakosea, ilhali madarasa madogo madogo, ambayo aghalabu ni ya shule za kulipia, yaliachiwa neno la mwalimu wao karibu kama lilivyo. Vijana wakajaa barabarani, na tarehe 17 Agosti serikali ikaitengua hukumu yake. Mwaka uliofuata wakashauriana kama haingefaa kungoja matokeo halisi kabla ya kugawa nafasi za vyuo, na mwaka 2022 wakaliacha shauri hilo. Nimelitaja jambo hili la mbali kwa sababu lililowapata watoto wale kwa siku nne huwapata watoto wetu mwaka hata mwaka, bila ya kanuni iliyoandikwa na bila ya mtu kuandamana: afisa wa chuo cha ng'ambo huifungua buletini ya Lubumbashi, haijui shule, hamjui prefe, naye huipima kwa itibari aliyonayo juu ya buletini zote zilizowahi kutoka kwetu.

Na itibari hiyo sisi wenyewe tumeitumia vibaya. Dola yetu, tangu miaka ya 1960, iliona kwamba haiwezi kuiachia kila shule kumtolea mtoto wake shahada, ikaanzisha mtihani mmoja wa taifa zima, na kwa kufanya hivyo ikaikubali wazi shaka ambayo kila mzazi anaijua. Alama hununuliwa. Hununuliwa kwa fedha, kwa chakula, kwa ujamaa, na kwa mambo ya haya ambayo gazeti halipendi kuyataja mbele ya watoto, ingawa watoto ndio wayajuao zaidi.

Nilikuwapo siku moja katika ofisi ya prefe wa shule ambayo sitaitaja, akaingia baba mmoja mfanyabiashara, mtu wa heshima zake, akaikunjua buletini ya mwanawe juu ya meza na kuweka kidole pale penye hisabati, 11 kwa 40, wino mwekundu.

"Bwana Prefe," akasema kwa upole, "mtoto ataelewa huko mbele. Ulaya wana walimu na vitabu. Wewe nisaidie na hii rangi tu."

Prefe hakughadhibika. Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi za mtihani wa kijana yule zilizofungwa kwa uzi, akazifungua moja baada ya moja mbele ya baba, ambaye pengine alikuwa hajapata kuziona. Kisha akasema: "Papa, chuo kimoja cha huko kilituandikia kuuliza kwa nini mtoto tuliyempa 80 amefika kwao hawezi kitu. Mimi ndiye niliyeikuta barua ile mezani. Sijapata la kuwajibu, na tangu siku hiyo hawajampokea mtoto wetu hata mmoja."

Baba alizitazama karatasi kwa muda mrefu, akaaga, akaondoka na bahasha yake bila ya kuitoa mfukoni. Mimi niliyekaa pembeni nilimfikiria binti mwingine wa darasa lilo hilo, ambaye mama yake huuza makaa na mafuta ya mawese, naye alikuwa na 34 kwa 40 katika hisabati, alama aliyoipata kwa jitihada yake na taa ya simu. Barua ile ilikuwa imemfungia mlango kabla hajajifunza kusoma. Mwenye kununua alama hudhani amejinunulia yeye, kumbe amelipa kwa mali ya jirani.

Wako wasemao: kwa nini kuhangaika na ng'ambo? Neno lao lina uzito. Mwaka 1956, Thomas Kanza alipohitimu Louvain, Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu, safari ya Ubelgiji ilikuwa takriban njia ya pekee, na ilipofika siku ya uhuru wahitimu wa nchi hii kubwa walikuwa hawazidi thelathini. Lakini mwaka huo huo wa 1956 milango ya chuo kikuu ilifunguliwa hapa mjini, na katika miaka ya 1970 V. Y. Mudimbe, ambaye vitabu vyake vinasomwa duniani kote, alikuwa akifundisha hapa. Kijana asiyepata nafasi ya ng'ambo hakuhukumiwa ujinga. Hata hivyo siwezi kumwambia mtoto mwenye uwezo kwamba asiombe, seuze kumwambia hivyo kwa sababu tu wakubwa wake wameiharibu thamani ya saini zao.

Nawasihi, basi, walimu na maprefe wa Kasapa na wa mji mzima, ambao mishahara yenu ni midogo na dhima yenu ni kubwa. Zifanyeni simulasioni za Exetat, yaani mitihani ya majaribio, kwa ukali wa Exetat yenyewe, na karatasi zake zihifadhiwe, ili atakayeuliza aonyeshwe. Mtoto aliyepata 58 aandikiwe 58. Na ikiwa mnaamini kwa ikhlasi kwamba atafika 70 mwezi wa Juni, msiibadili tarakimu, bali mwandikieni barua mkieleza kwa nini: kwamba alikuwa mgonjwa kipindi cha kwanza, kwamba ameanza kupanda tangu Januari, kwamba hutembea kilomita kadhaa kufika shuleni na hajachelewa. Barua kama hiyo haigharimu ila saa moja ya jioni. Msiwaandikie watoto wa matajiri peke yao, kwa kuwa ndio wanaokuja kuomba. Mwiteni na yule asiyejua kwamba ana haki ya kuomba. Nanyi wazazi, mkifika ofisini kwa prefe, ombeni kwanza kuonyeshwa karatasi za mtoto.