Mkulima na Ladha ya Buni Yake

Kahawa iliyokaangwa karibuni ina umri mfupi. Buni mbichi iliyokauka na kuhifadhiwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuharibika. Ikishapita motoni huanza kutoa kaboni dayoksaidi, harufu ikitoroka pamoja nayo, na baada ya wiki chache ladha yake huwa imepooza. Ikisagwa, hupooza mapema zaidi. Ladha hiyo haikubali kuwekwa akiba wala kusimuliwa: sharti ionjwe ikiwa bado ipo. Ndiyo maana kikombe cha kahawa kinaliamsha swali la kale la wanafalsafa: je, mtu anaweza kudai kwamba anakijua kitu ambacho hajakionja?

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alishikilia kwamba mpiga zumari ndiye ajuaye zumari ipi ni nzuri. Aliyeichonga huamini tu anachoambiwa. Aristotle naye aliandika katika Siasa kwamba mlaji huihukumu karamu vizuri kuliko mpishi. Kwa kipimo hicho, mjuzi wa kahawa ni mnywaji, na mkulima ni mpokea maagizo.

Biashara ya kahawa imejengwa kana kwamba hoja hiyo ni kweli tupu. Wamisionari Wakatoliki waliipanda kahawa Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898, na Wachagga wakaifanya zao lao chini ya migomba ya vihamba. Hata hivyo, sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje. Mkulima huitambua rangi ya tunda lililoiva barabara na huijua siku ya kuianua buni, lakini asubuhi katika nyumba nyingi za wakulima hunywewa chai. Waonjaji ndio wanaopiga mafunda mezani na kutoa alama, na alama zao hupandisha au hushusha bei ya jasho la mwaka mzima. Mwenye shamba hupokea hukumu juu ya ladha ambayo pengine hajapata kuikuta ulimini mwake.

Hapo ndipo hoja ya Wagiriki inapopwaya. Inachukulia kwamba mtengenezaji na mtumiaji ni watu wawili, ilhali hakuna kinachowalazimisha kutengana. Ethiopia hunywa takriban nusu ya kahawa yake yenyewe, na buni hukaangwa mbele ya wageni ili waunuse moshi wake kabla ya kupewa kikombe. Wahaya, muda mrefu kabla ya kahawa kuwa zao la kuuza Ulaya, walichemsha matunda ya robusta pamoja na majani yenye harufu, wakayakausha na kuyatafuna. Na wawili waliochanjana udugu walikula nusu mbili za tunda moja zilizopakwa damu zao. Kwao, aliyepanda na aliyeonja alikuwa mtu yuleyule.

Katika Uislamu swali la kujua kwa kuonja lina historia ndefu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliita ujuzi wa aina hii dhauki, yaani kuonja: kuijua maana ya afya si sawa na kuwa na afya. Masufi wa Yemen wa karne ya 15, walioinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri, walikuwa warithi wa fikra hiyo. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, afisa wa Wamamluki huko Makka, aliwakusanya wanazuoni na matabibu ili waiharamishe kahawa. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliohudhuria alishuhudia kuwa kahawa inalevya kama mvinyo. Alipoulizwa amejuaje, akakiri kwamba aliwahi kuunywa mvinyo, na akaadhibiwa. Mtu huyo alilifupisha swali hili lote kwa sentensi moja: ushahidi wake ungekuwa na uzito iwapo tu ameonja, na kuonja ndiko kulikomtia hatiani.

Lakini kuonja peke yake hakutoshi. Mnywaji wa mbali anaweza kuikaanga buni ileile leo na kupata kikombe kizuri sana, kwa kuwa upya wa kahawa hupimwa tangu kikaangoni, wala si tangu shambani. Asichoweza ni kuirudisha ladha ile kwenye chanzo chake. Mkulima anayeionja kahawa yake anaweza. Hukaanga konzi chache juu ya moto wa wastani, akikoroga bila kuacha, mpaka punje zipasuke kwa mlio na kugeuka hudhurungi. Huzipoza upesi kwenye ungo, huziacha siku moja au mbili zipumue, kisha huzitwanga na kuzichemsha. Akikuta uchachu wa siki, hukumbuka buni iliyokawia kuoshwa baada ya kuvundikwa. Akikuta ukakasi, hukumbuka matunda mabichi yaliyochumwa kwa haraka pamoja na yaliyoiva. Msimu ukirudi, vidole vyake huyapita matunda ya kijani na kuyaacha mtini.