Mtoto Anaporudi

Januari ikiingia, korosho zimeshapita mnadani na nyumba nyingi za Madimba zinahesabu kilichobaki. Hapo mazungumzo huwa ni yale yale: mtoto anayeanza kidato cha kwanza apelekwe bweni, shule binafsi, au asome kutwa shule ya kata? Baba anapiga hesabu ya ada, tranka na godoro. Mama anaihofia njia, hasa kama mtoto ni wa kike. Mjomba, ambaye kwetu kusini neno lake lina uzito, anauliza habari za ufaulu.

Tangu mwaka 2016 serikali haitozi ada katika shule zake kidato cha kwanza hadi cha nne. Anayelipia bweni basi analipia kitu zaidi ya darasa, na ukimuuliza atakujibu: malezi. Jibu hilo limenisumbua muda mrefu. Je, malezi ni kitu cha kukabidhi?

Wazee wetu hawakuogopa kumtenga mtoto na mama yake. Jando na unyago vilijengwa juu ya imani kwamba mtoto hawezi kukua akiwa machoni pa mama siku zote. Lakini siku ya kutoka ilijulikana na kijiji kizima. Wali wa jando na unyago walirudi wameoga, wamevalishwa nguo mpya, wengi wana majina mapya, na ngoma ikakesha. Hakuna aliyejifanya kwamba aliyerudi ni yule yule aliyeondoka. Kumpeleka ilikuwa nusu ya kazi, na kumpokea ndiyo nusu ya pili.

Bweni la shule lilitujia kwa sababu nyingine kabisa. Shule zilikuwa chache. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa rais, alitoka kijijini Lupaso akasoma Ndanda kwa Wabenediktini, kisha Kigonsera, kisha Pugu, kwa kuwa elimu ya kuendelea ilikuwa huko na si Lupaso. Leo, baada ya shule za kata kujengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, umbali umekuwa hiari. Na jambo la hiari lazima liwe na sababu.

Binti wa dada yangu alirudi likizo ya Desemba akitoka bweni. Alama zake zilikuwa nzuri, tulifurahi. Jioni mama yake akamwambia aonje mchuzi. Akaonja, akasema haujakolea, kisha akasimama katikati ya jiko akiangaza macho, halafu akauliza taratibu: "Mama, chumvi siku hizi mnaweka wapi?" Dada alimwonyesha kopo. Baadaye alinong'ona kwamba mtoto amesema "mnaweka", hakusema "tunaweka".

Lakini wa kutwa naye asidhaniwe yuko nyumbani kwa sababu tu analala nyumbani. Nawajua vijana wanaoingia magharibi, wanafunua kawa, wanakula wali uliopoa, wanalala. Baba yuko kijiweni, mama yuko gengeni. Kijana huyo amekwenda mbali kuliko wa bweni, na hakuna aliyemwona akiondoka. Tena wapo waliopangishiwa chumba karibu na shule, wenyewe wanakiita geto, na hao hawana matroni wala mama.

Mwaka 2023 serikali ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ikijali uhusiano wao na familia. Naiunga mkono. Ila mwenye miaka 14 ni swali gumu zaidi, kwa sababu anabadilika upesi. Anayeondoka Januari si yule atakayerudi Juni: sauti imevunjika, ana siri, pengine ana hofu asiyoijua jina. Mabadiliko hayo yakikosa shahidi, kijana hujiona mgeni kwao, na hata kwake mwenyewe. Mwalimu mwema aweza kuwa shahidi, lakini ana watoto wengi mno.

Kwa hiyo mimi, nyumba ikiwa na mtu mzima wa kumpokea kila jioni, nitachagua kutwa, hata kama ufaulu wa bweni uko juu kidogo. Pasipokuwa na mtu huyo, bweni lenye matroni mwenye moyo ni bora, tena mara kumi kuliko geto.

Kama umeshalipa ada, ndugu yangu, basi shule zikifunga mwezi Juni usimtume bodaboda. Nenda stendi mwenyewe, usubiri basi.