Amana Chini ya Paa Langu

Katika chumba changu hapa Igalula, juu ya kabati la vitabu, kuna kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja. Hailali. Mtu yeyote mwenye intaneti, awe Dar es Salaam au Muscat, akiandika anwani yangu hufunguliwa kurasa zilizomo. Nilianza kwa kuweka maandishi yangu mwenyewe. Baadaye majirani waliniletea picha za harusi na za marehemu wao, na habari za koo zao kama zilivyosimuliwa na wazee.

Nakiri kwamba nilianza kwa kiburi. Nilijiambia kuwa mtu huru haweki vitu vyake katika nyumba ya watu. Sababu nilikuwa nazo. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities huko Marekani, ambako watu wengi walikuwa wamejijengea kurasa bure, na nyingi zikapotea. Jambo hilo si geni katika njia hii ya misafara. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizopelekewa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, kwa madai kwamba mwenyewe amekufa.

Lakini uhuru wangu ulikuwa na nyufa. Mitandao ya simu mara nyingi huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, hata mgeni atokaye nje asijue abishe hodi mlango upi. Ikanibidi kukodi njia kupitia mashine iliyo mbali, nailipia kila mwezi, kama misafara ilivyolipa hongo kwa watemi ili ipite. Umeme nao si wangu.

Msimu mmoja wa mvua nilikwenda Tabora mjini msibani. Nyuma yangu umeme ulikatika, na uliporudi mashine haikuwaka. Nilikaa huko siku nne bila habari. Niliporejea nilimkuta mzee jirani ameketi barazani kwangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nilikupa picha ya marehemu mke wangu uitunze. Binti yangu aliye ughaibuni alitaka kuwaonyesha wajukuu siku ya arobaini, hakuiona. Umeifungia?”

Nilianza kumweleza habari za umeme, kisha nikanyamaza. Mzee hakuuliza habari za umeme. Aliuliza habari za amana. Niliiwasha mashine, picha ikarudi, lakini arobaini ilikuwa imekwisha kupita.

Neno seva asili yake ni mtumishi. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti huko CERN, Uswisi, alibandika karatasi kwenye kompyuta yake ya kwanza ya kazi hiyo, akiomba isizimwe kwa kuwa ni seva. Mimi nilijiona bwana kwa sababu chombo ni changu, kumbe siku nilipopokea picha ya kwanza ya jirani nilikwisha kuwa mtumishi.

Je, basi, ni haki zaidi kutunza nyumbani kuliko kukabidhi makampuni? Makampuni yana umeme wa akiba na walinzi. Kwa kulinda tu, yananishinda. Ila mzee yule asingeweza kwenda kuketi barazani kwao. Kwangu aliweza. Naona ubora wangu ni huo mmoja tu, nao hauna thamani nisipokuwa tayari kujibu.

Sasa nakala ya pili ya vitu vyote iko kwa rafiki mjini Tabora, na kila familia nimeirudishia picha zake zikiwa zimechapishwa. Nilipomweleza mzee, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, “Na ukifa wewe?”

Sikuwa na jibu. Jioni ile nilimwita mpwa wangu, nikamwonyesha namna ya kuiwasha mashine, na maneno ya siri nikayaandika katika daftari, nikamkabidhi. Amana isiyo na mrithi ni mali iliyochelewa tu kupotea.