HAWALA AU DHAMANA?
Katika kushirikiana kwa sirikali, matajiri na wenye kujitolea

  

Ndugu zangu, zamani hizi kila penye mji wenye shida husikiwa neno moja, kwamba sirikali na matajiri na wenye kujitolea wawe mkono mmoja. Neno hili ni jema, na sijaona mwenye akili alipingaye. Lakini neno likisha kuwa jema kwa kila mtu, watu huacha kuliuliza. Nami nataka kuliuliza suala moja tu: watatu wakichukua mzigo mmoja, na mzigo ukaanguka, ni nani wa kudaiwa?

Tutazame khabari ya Katesh, ulio mji mkuu wa wilaya ya Hanang katika mkoa wa Manyara, mbali na bahari yetu. Mji huo umekaa chini ya mlima Hanang, ambao kimo chake kinapita mita 3,400. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima iliyo laini ilikuwa imenyonya maji hata haikuweza kujizuia tena. Ikakatika, na matope na mawe na magogo yakateremka kwa njia ya mto Jorodom, yakapita Gendabi, yakaingia Katesh penyewe mpaka sokoni na madukani. Walikufa watu zaidi ya 80, na wengi wengine wakabaki na nguo walizovaa.

Hapo walikuja wote. Raisi wa nchi alikuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya mabadiliko ya hali ya hewa, akaukatiza akarejea. Askari walifukua matope. Sirikali ilitangaza kuzibeba gharama za mazishi na za matibabu. Makampuni na matajiri walileta vyakula na magodoro na fedha, na watu wa Msalaba Mwekundu pamoja na raia wa kawaida wakafanya kazi kwa mikono yao, na walionusurika wakahifadhiwa mashuleni. Kisha zikajengwa nyumba zaidi ya 100 mahali paitwapo Waret, baadhi kwa kazi ya JKT na baadhi kwa mali ya Msalaba Mwekundu, na katika Desemba 2024 wenyewe wakakabidhiwa.

Haya ni mambo ya kushukuriwa, wala sina la kuyatia ila. Suala langu ni la siku zinazofuata. Bomba la maji likikatika pale Waret, au ufa ukitokea ukutani, au miti ya mlimani ikianza kukatwa tena, mtu wa Waret abishe mlango gani? Tusiende mbali: tuseme ni mfereji ulioziba katika mtaa mmojawapo wa miji yetu hii ya pwani. Ukienda barazani kwa wakubwa wa mji huambiwa kuwa wafanyi biashara waliahidi kuugharimia. Ukienda kwa wafanyi biashara huambiwa kuwa vijana wa mtaa walisema watauchimba bure. Ukienda kwa vijana, nao wangoja majembe ya baraza. Wote watatu ni wakweli, na maji machafu yamo ndani ya nyumba ya mjane.

Wenye kusoma fiqhi watanifahamu upesi. Zaidi akiwa na deni la Amri, ziko njia mbili za kumwingiza mtu wa tatu. Ya kwanza ni hawala: Zaidi humhamishia Amri kwa Bakari, na tangu saa ile Zaidi amekwisha toka katika deni, hadaiwi tena. Ya pili ni dhamana: Bakari husimama pamoja na Zaidi, na Amri ana haki ya kumdai amtakaye katika hao wawili, kusimama kwa Bakari hakukumtoa Zaidi hata kwa senti moja. Hii ndiyo hukumu katika madhehebu yetu ya Shafi.

Sasa, huko kushirikiana kunakosifiwa ni hawala au ni dhamana? Maneno ya watu ni ya dhamana, maana wote husema "tuko pamoja." Vitendo vyao mara nyingi ni vya hawala. Sirikali ikiona chama cha kheri kimeingia, huondosha mkono wake. Tajiri akisha kutoa magunia yake na kupigwa picha, huona deni limehamia kwa wengine. Na chama nacho, fedha zikisha, huiambia sirikali, "Haya, nchi ni yenu." Kila mmoja amehamisha, wala hapana aliyepokea.

Mimi naona kuwa ni dhamana, wala haifai kuwa ni hawala. Imamu Nawawi katika Minhaji amelitia jambo la kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi katika faradhi za kifaya zilizo juu ya wenye nafasi, pale ambapo zaka na baitulmali hazikutosha. Tazama mpango ulivyo: hazina ya watu wote ndiyo ya mbele, na mwenye mali yuko nyuma yake, si badala yake. Basi sirikali iliyokwisha twaa kodi ni mdaiwa wa asili. Na wafasiri wa kitabu hicho, kina Ibn Hajar na Ramli, hawakuwafungia Waislamu peke yao haki hiyo, bali waliwaingiza na wasio Waislamu wanaoishi katika amani. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Wabarbaigi na Wairaqw wa huko bara hawatuhusu.

Huenda mtu akasema: ukimfanya kila mwenye kutoa kuwa ni dhamini, watu wataogopa kutoa. La. Dhamini hudaiwa kile alichokidhamini, hazidi. Aliyechukua nyumba kadhaa haulizwi barabara. Alichukue lake kwa jina lake na kwa muda ujulikanao, basi. Katika wilaya ya Mbulu, jirani na Hanang, iko hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamishionari wa Norwe. Mpaka leo kanisa la Kilutheri ndilo mwenyewe, na sirikali hutia mkono katika mishahara. Dini yao si yetu, lakini mgonjwa wa Mbulu anajua mlango wa kubisha, na mlango huo umedumu zaidi ya miaka 60.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ndilo zito. Hata hiyo hawala haisihi ila kwa ridhaa ya mwenye kudai. Zaidi hawezi kumhamisha Amri bila ya Amri kukubali. Na huko huko Hanang, katika nchi ya Basotu, tangu mwisho wa miaka ya 1960 shirika la sirikali na msaada wa Kanada walishirikiana kulima ngano katika mashamba makubwa saba, kiasi cha hekta 40,000. Ngano ilitoka, na miji ikapata mkate. Lakini ardhi ilikuwa malisho ya Wabarbaigi, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Walishtaki. Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa haki mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Washirika walikuwa wamepatana vizuri kabisa, wao kwa wao. Aliyekosekana katika mapatano ni mwenye haki.

Basi yanapoandikwa mapatano ya kuutengeneza mji, uwe ni Katesh au ni Tanga au ni Lamu, mimi hutazama kwanza kama mtu wa Waret, au yule mjane wa mferejini, alikuwako barazani alipohitajiwa kusema ndiyo au la, na kama amepewa jina la mtu atakayemwendea maji yakiingia.