Kama Nilivyopokea

Kuna kauli fupi inayotangulia habari nyingi kwenye makundi ya WhatsApp: "Natuma kama nilivyopokea." Anayeiandika hudhani amejivua lawama. Habari ikiwa ya kweli, yeye ndiye aliyewahi kuileta. Ikiwa ya uongo, yeye alipokea tu. Nasema kauli hiyo haimwondolei mtu dhamana hata chembe, na adabu ya kwanza ya mwenye simu mkononi ni kuachana nayo. Kusambaza habari ni kutoa ushahidi. Shangazi aliyeko Tanga akiletewa ujumbe na mpwa wake aliyesoma, haulizi uliandikwa na nani. Anauamini kwa sababu ya mpwa. Jina la mpwa ndilo muhuri wa barua ile. Kijana anaweza kusema alipokea tu, lakini kwa shangazi yake chanzo ni yeye.

Tazama yaliyotokea India mwaka 2018. Watu walitumiana video ya wanaume wawili juu ya pikipiki wakimnyakua mtoto anayecheza na wenzake mtaani, kwa onyo kwamba wezi wa watoto wameingia eneo lao. Video yenyewe ilikuwa filamu fupi iliyotengenezwa Karachi, Pakistan, ili kuwazindua wazazi. Mwishoni mwake wale wanaume humrudisha mtoto na kuinua bango linaloonya jinsi ilivyo rahisi kumteka mtoto katika mitaa ya jiji hilo. Mtu fulani alikata kipande hicho cha mwisho, basi. Katika wimbi hilohilo la uvumi, tarehe 1 Julai, wanaume 5 wapita njia waliuawa na umati katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, wakidhaniwa kuwa wezi wa watoto. Hapa ndipo tunapokosea tunapodhani kwamba kupima habari ni kutafuta picha ya kughushi. Pikipiki ilikuwepo, mtoto alikuwepo, barabara ilikuwepo. Uongo ulikaa katika kilichokatwa na katika jina la mahali lililobandikwa. Kwa hiyo usiulize tu kama video ni ya kweli. Uliza imepigwa wapi, lini, na inaanzia na kuishia wapi.

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo watu huzikimbilia hapa. Moja ni "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," ambayo imekuwa kinga ya kila mzushi. Lililopo wakati mwingine ni msemaji tu. Ya pili, "Njia ya mwongo ni fupi," inatufariji kwamba uongo utajiumbua wenyewe. Ilifaa kijijini, mwongo na mdanganywa walipokutana kisimani kila asubuhi. Mtandaoni mambo ni mengine. Mwezi Machi 2018, watafiti watatu wa taasisi ya MIT ya Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter tangu 2006 hadi 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kupitishwa uliozidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na ya kweli ilichukua muda wa takriban mara sita kuwafikia watu 1,500. Twitter si WhatsApp, ni kweli, lakini waliobofya ni binadamu kama sisi. Watafiti walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na kompyuta, tofauti ilibaki palepale. Habari za uongo zilikuwa ngeni zaidi, na waliozisoma walijibu kwa mshangao na karaha. Hilo linatupa nasaha moja ya vitendo: ujumbe ukikupandisha mori au ukikutia hofu hata kidole kikawahi kubofya, huo ndio wa kuuweka kando kwanza.

Habari ipimwe vipi, basi? Wengi tumezoea kuukodolea macho ukurasa wenyewe: una nembo, lugha yake imenyooka, umetaja daktari. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilizagaa video za kura za maoni zenye nembo za BBC na CNN, na mashirika hayo hayakuwa yamezitengeneza. Nembo huibwa kirahisi kuliko kuku. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachunguza watu 45 wakisoma mtandaoni: wanahistoria 10, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki wa habari 10. Miongoni mwa waliyopewa ni kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayokaribiana, kimoja kikubwa kilichoanzishwa 1930, kingine kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi wengi, na wanahistoria kadhaa, waling'ang'ania ukurasa wa kikundi wakiupima kwa sura yake. Wahakiki waliuacha mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanakisemaje. Sisi tunaijua njia hiyo tangu zamani. Posa ikiletwa, wazee hawamuulizi mposaji kama yeye ni mwema. Hutuma mtu mtaani kwao. Wanazuoni wa hadithi nao walimkagua kila msimulizi katika mnyororo wa wapokezi, na msimulizi mmoja asiyejulikana alitosha kuidhoofisha riwaya. Sasa uweke kwenye mizani hiyo ule ujumbe unaozunguka kila mwaka, kwamba maji ya moto ya limau huua saratani, "asema daktari bingwa". Daktari yupi? Wa wapi? Mnyororo umekatika katika pete ya kwanza, na mgonjwa anaweza kuahirisha kwenda kliniki kwa sababu yake.

Wapo watakaosema vyombo rasmi navyo hudanganya, na kwamba mara nyingine tetesi za mtaani ndizo zilizotangulia kusema kweli. Sikatai. Lakini kupima habari si kutii mamlaka. Taarifa ya wizara ipitishwe kwenye chekeche lilelile, na wahakiki kama Africa Check, PesaCheck na JamiiCheck huwapima wakubwa pia. Hatari ya upande wa pili ni kutoamini chochote, maana asiyeamini chochote huishia kuamini kinachompendeza. Hoja yenye uzito zaidi ni ya tahadhari: je, nikichelewa na hatari ikawa ya kweli? Asemaye hivyo ana nia njema, na nia hiyo hiyo ndiyo iliyowakusanya watu wa Rainpada. Kama daraja limekatika, anayepita hapo atapigiwa simu kwa jina. Si lazima magrupu 12 yaarifiwe. Na asiye na nafasi ya kuchunguza hajalazimishwa kusambaza. Kunyamaza hakuhitaji hata bando. Aprili 2020 WhatsApp yenyewe iliamua kwamba ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliopita mikono mingi, utumwe kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Mishale hiyo ni ishara ya kusita, ingawa wengi huichukulia kuwa ushahidi kwamba habari ni nzito.

Linabaki suala la kusahihishana, ambalo huharibu undugu kuliko uongo wenyewe. Mkubwa akituma lisilo kweli, usimwaibishe mbele ya wajukuu. Mwandikie pembeni: "Shikamoo shangazi. Ile video ya asubuhi nimeitafuta, kumbe ni ya zamani na ni ya nchi nyingine. Ukiona vyema, tuwaambie na wengine." Mpe nafasi aseme mwenyewe. Ukiwa wewe ndiye uliyekosea, usifute ukanyamaza, kwani waliosoma wameshaipeleka kwingine. Rudi kwenye kundi lilelile, utaje habari uliyoituma, useme haikuwa kweli na umejuaje, kisha uwaombe waliokwisha kuipitisha waupeleke na ujumbe huu kule walikoipeleka.